Zamu ya Hazel

Mume wa Hazel alitokea kwenye ukungu akichechemea, zikiwa zimebaki dakika tano mkewe aanze mbio zake.

Hapo Cumbria, kaskazini mwa Uingereza, walikuwa na mapatano: mmoja akikimbia milimani na ramani, mwenzake analea mtoto, akirudi, wanabadilishana. Lakini mwezi wa nne mume alirudi na goti bovu, mwezi wa saba akarudi ameshika mgongo, na mara zote mbili Hazel aliacha mbio akampeleka hospitali.

"Mama, kifundo cha mguu kimekwisha," mume alisema, akajitupa kwenye majani. "Nipeleke hospitali."

Hazel alimvua kiatu taratibu. Kifundo kilikuwa kimeumuka kama kitumbua, tope jeusi limeganda kwenye vinyweleo.

"Chezesha vidole."

Vyote vitano vilicheza.

"Haya, kanyaga."

Alikanyaga, akakunja uso, lakini alisimama.

"Namba hamsini na tatu!" msimamizi wa mbio alimwita Hazel kutoka mstari wa kuanzia.

"Hazel, hata hunihurumii?"

"Nakuhurumia sana, baba." Alimkalisha kando ya kijito, akautumbukiza mguu wake kwenye maji ya baridi mpaka akapiga yowe, kisha akampakatisha mtoto. "Hospitali haihami. Ndizi zake zimo mkobani."

"Utarudi saa ngapi?"

"Nikimaliza."

Msimamizi alipompa ramani, mtoto alikuwa ameanza kulia. Hazel alimsikia vizuri kabisa. Akaielekeza ramani kaskazini, akakimbia.