Mwendo wa Mzee Kobe

Kwa miaka mitatu Mwanahawa alichora katuni zake za video peke yake na kuzirusha mtandaoni. Aliyependwa kuliko wote ni Mzee Kobe, fundi saa anayechechemea. Watu wa mbali walimwandikia kumsifu, lakini baba yake hakuwa na habari. Tangu apate ajali, baba hakupenda mtu autazame mguu wake, na mwendo ule wa Kobe uliigwa kutoka kwake.

Asubuhi moja Mwanahawa akamkuta ameketi sebuleni, ameshika simu ya jirani, Kobe akivuka barabara kwenye kioo.

"Nisamehe, Baba. Nitamfuta."

Baba akairudisha katuni mwanzo, akaitazama tena.

"Nani kakwambia natanguliza mguu wa kulia?"

"Nilichora kwa kukumbuka tu. Niliogopa kukutazama."

Baba akaegemeza mkongojo wake ukutani, akashika meza, akasimama.

"Haya, lete kalamu yako, mwanangu. Utazame vizuri."

Akaenda polepole hadi mlangoni, akageuka, akaanza kurudi. Mwanahawa alikuwa hajachora hata mstari mmoja. Alikuwa anamtazama.