Kastabani ya Hariri

Mwanahija alipoivaa kastabani yake mpya, ilizunguka kidoleni, ikateleza, ikabingirika hadi kwenye marobota ya nguo za soko la Zhanxi, hapo Guangzhou.

Shoga yake, waliyepanga naye chumba, alicheka. "Miezi miwili unajitoboa vidole, kumbe unamshonea tembo?"

Mwanahija aliinama akaiokota. Jirani yao, bibi wa Kijapani, ndiye aliyemfundisha. Alimzungushia ukanda wa karatasi kwenye kidole cha kati, akaukata kwa kipimo hicho, wakauviringishia kitambaa na pamba. Kisha ikawa hariri, mshono ubavuni mwa mshono, mpaka rangi zikutane. Kastabani ya namna hii humjua mwenyewe tu.

Ukanda wa pili, pacha wa ule wa kwanza, alikuwa ameuhifadhi. Akaupachika ndani ya kastabani, ukalala sawasawa. Akauzungusha kidoleni, ncha zikapandana kwa upana wa kunde.

Gauni lilipompwaya alisema mafundi wa Guangzhou hawajui kukata. Bangili zilipopanda hadi kiwikoni alikisingizia chakula. Kwa karatasi hakuwa na wa kumsingizia.

Marehemu mumewe, mwaka tisini na saba, alianza kukonda hivihivi. Pete yake ya fedha ilidumbukia kwenye bakuli la uji, wakacheka wote wawili. Ilipodondoka mara ya pili hakuna aliyecheka.

"Ndiyo kubwa, shoga?"

"Kubwa," alisema Mwanahija, akikunja ngumi kastabani isije ikadondoka tena. "Bibi yule macho yamemwisha. Kakosea kipimo."