Jina la Kliniki

"Niyokwizera!"

Mtaalamu aliita tena, safari hii akigonga mfuniko wa sufuria nyuma ya kisogo cha mtoto. Mtoto hakugeuka. Alikaa sakafuni akizungusha gurudumu la gari lake la kopo, macho hayabanduki.

Mashine ya kupimia masikio ilishamshinda mtaalamu huyo, Bwana Anastazi. Kila alipomvisha mtoto hedifoni, zilitupwa chini. Akaazima mfuniko kwa mama lishe wa nje ya zahanati. Koti lake jeupe lilimfika magotini. Maringo yalimfika puani.

"Si nilisema?" Kalista, mama mkwe wa Anneth, alijifunga kitenge upya. "Tumetoka Nyabusozi mpaka Nyakanazi kuja kuambiwa tunachokijua."

"Anasikia, mama," alisema Anneth, mama wa mtoto. "Ukizima redio analia."

"Anaona taa yake imezimika. Au hilo hawajakufundisha kwenye hayo masomo yako ya jioni?"

Mtaalamu akacheka, utadhani na yeye ni mkwe. Anneth alimtazama na mfuniko wake, akajiuliza ni chuo gani siku hizi kinatoa cheti cha kugonga sufuria.

Lakini mwenye kulia leo angekuwa yeye. Mumewe, Leonidas, alishatamka: ikithibitika mtoto hasikii, Jumatatu anapelekwa shule ya bweni ya viziwi, mkoa mwingine kabisa. Mtoto ambaye hata kufunga vifungo hajui! Na Anneth angesema nini? Yeye alishinda stendi akiuza chapati. Aliondoka mtoto amelala, akatoka darasani akamkuta amelala. Kutwa nzima aliyekuwa naye ni bibi, na bibi ndiye aliyekuwa akiapa kwamba hasikii.

"Haya, mwite wewe, mama mtoto," alisema Anastazi.

Anneth akachuchumaa. "Niyokwizera. Niyokwizera, baba."

Gurudumu likaendelea kuzunguka.

"Mnajichosha na jina la kliniki," Kalista alisema huku akipiga miayo. "Nyumbani hata kuku hawalijui."

Anastazi akafungua kalamu.

"Daktari, tafadhali, subiri kidogo. Labda amechoka."

"Nisubiri nini, mama? Ukuta huu unasikia kuliko huyu."

Akaandika, akapiga mstari chini ya alichoandika, akaridhika nacho. Anneth alibaki amechuchumaa vilevile, mkono umeganda karibu na bega la mwanawe, anaogopa hata kumgusa.

Kalista alishafika mlangoni. Alikuwa amewapa mgongo, anatafuta ndala zake kwa mguu. Hakupaza sauti wala hakugeuka; alisema chini chini, kama mtu anayejisemea mwenyewe.

"Kiziwi, twende."

Mtoto akaliacha gari, akainuka, akamfuata.