Kipimo Alichokikataa

Hironimus alitoa chupa nzima ya damu ya kumwongezea binti yake, bila kukunja uso. Lakini muuguzi aliposema, "Baba, ngoja tukupime na wewe selimundu," akashusha mkono wa shati upesi.

"Hapana. Hicho sitaki."

"Ugonjwa huu hauji kwa mzazi mmoja, baba. Mtoto akiugua, ujue ameupata kwa baba na kwa mama."

"Nimesema sitaki."

Mkewe, Benigna, alimtazama kwa uchungu. Miaka tisa ndugu wa mume walikuwa wakimnyooshea kidole, kwamba ugonjwa wa Aurelia umetoka ukoo wake.

"Pima basi, Baba Aurelia," alinong'ona. "Waache kunisema mimi peke yangu."

Hironimus akageuza uso.

Kitandani, binti yao alivuta hewa ya mashine kwa taabu. Baridi ya Juni ilimletea homa, homa ikashukia kifuani. Alichomwa dawa, akaongezewa ile damu. Kila alipoamka, Hironimus alimkalisha wima na kumshikia puto.

"Puliza, mwanangu, mapafu yafunguke. Mara kumi tu."

"Tumefika ngapi, baba?"

"Nne."

"Zilizobaki nipulizie wewe."

Akampulizia.

Siku ya tatu mapafu yalikataa. Wakamzika kwenye makaburi ya Mshangano, mvua ya manyunyu ikiwalowesha.

Waliporudi nyumbani, watu wakiwa bado wamejaa uani, Walburga, dada yake Hironimus, alisema kwa sauti ya kusikika, "Damu ya ukweni hiyo. Kwetu sisi ugonjwa huo haupo."

Benigna aliinamisha kichwa. Hata kulia aliacha.

Hironimus akasimama mbele ya waombolezaji wote.

"Dada, nyamaza. Nilishapima. Ninayo selimundu kwenye damu yangu. Mwanangu ameipata na kwangu pia."

Walburga akavuta kanga, akajifunika uso. Benigna alijikokota hadi alipo mumewe, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mbona hukuniambia, mume wangu? Siku zote hizo?"

"Niliogopa," alisema.

Kupima, kweli alikuwa amepima, mwaka juzi, peke yake, bila kumwambia mtu. Damu yake haikuwa na selimundu hata chembe.