Maji ya Tatu

Siku ya nne tangu apotee, Popi alirudi mwenyewe, amejaa tope hadi masikioni, ananuka kama mzoga. Bupe alipiga vigelegele uani utadhani kapokea bibi harusi.

"Baba Tumpe, njoo umwone mbwa wa marehemu baba! Na wewe ulisema kaliwa na fisi!"

Mumewe, Lameck, alisema haraka kwamba atamwogesha yeye.

Alimtia kwenye beseni nyuma ya nyumba, akamsugua kwa sabuni ya mche na dodoki. Maji ya kwanza yalitoka meusi, ya pili rangi ya chai. Popi hakubweka wala hakung'ata. Alitulia tu, akimlamba mkono ule ule uliomfunga. Kwenye maji ya tatu ikaonekana shingoni kamba ya kijani, ncha yake imetafunwa.

Lameck alishika fundo. Alilikaza mwenyewe, kwenye mti ng'ambo ya mto, siku aliyochoka kelele za mbwa huyo. Sasa limelowa na kuzama ndani ya manyoya. Kucha zikateleza. Akajaribu kwa meno, uvundo ukamjaa mdomoni.

"Nakuletea maji ya moto!" Bupe aliita kutoka jikoni.

Siku nne sasa Bupe hasalimiani na jirani, akidai ndiye aliyemwibia kamba yake ya kijani ya kuanikia nguo.

Kandambili za Bupe zikasikika mlangoni. Popi akaanza kutikisa mkia, na Lameck alikuwa bado ameliuma fundo.