Rili ya Jumamosi

"Hii," fundi alisema, na kidole chake kikatua juu ya rili isiyofaa.

Zilikuwa mbili juu ya kaunta, nyeusi na ya kijivu, mashine ndogo za kukunjia mshipi wa samaki, zote nyepesi, zote mpya. Kwa mtu wa kawaida zilikuwa pacha. Lakini fundi alikuwa na miaka kumi na minane katika duka lile la vifaa vya uvuvi, akizifungua na kuzitia mafuta, na tabia zao alizijua. Nyeusi ilirusha hata chambo bandia cha gramu tatu bila kinyongo. Ya kijivu ilitaka kitu kizito. Ukiirushia chambo kidogo, mshipi unajisokota, na unabaki nusu saa ukifumua mafundo huku wenzako wanavua.

"Una hakika, shemeji?" aliuliza mume wa dada yake. "Jumamosi ni vyambo vidogo vitupu."

"Nina hakika."

"Ungekuwa unachagua wewe?"

"Ningechukua hiyo hiyo, wallahi."

Lo! Mtu mzima na ndevu zake, mchana kweupe, na kiapo juu!

Jumamosi klabu yao ya uvuvi ilikuwa na mashindano kwenye bwawa, na mara hii mshindi angepewa kazi ya ukocha. Fundi aliitaka kazi ile mpaka akaiota. Alikuwa amechoshwa na chumba cha nyuma kisicho na dirisha, na macho yake yalishaanza kugoma kuona skrubu ndogo. Miaka mitatu mfululizo alikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa huyu huyu shemeji, mtu mwenye ofisi yake na kiti cha kuzunguka, anayevua kwa kujifurahisha tu.

"Basi nifungie," shemeji alisema. "Ila mkono wa kuzungushia uwe kushoto."

"Tangu lini unazungushia kushoto kama mimi?"

"Binadamu hubadilika, bwana." Akacheka. "Jioni nitapita klabu kutuandikisha, kama kawaida yetu. Wewe shughulika na kazi zako."

Fundi akafunga boksi. Alijua kitakachofuata: rili ikishaandikwa kwenye fomu, ndiyo hiyo hiyo. Mwaka jana mwamuzi alimrudisha mtu nyumbani kwa kubadilisha rili asubuhi ya mashindano, na machozi hayakumsaidia.

Usiku ule wa Jumatano aliisukuma sahani pembeni.

"Unaumwa?" mkewe aliuliza.

"Sina njaa."

"Wewe? Usiwe na njaa? Basi mimi ni malkia."

Hakucheka. Alikuwa anamkumbuka mama yake, alivyolazwa wiki mbili. Yeye hakupata ruhusa kazini. Aliyelala sakafuni kando ya kitanda, akimgeuza mgonjwa na kumlisha uji kwa kijiko, alikuwa mkwe, huyu huyu shemeji. Wala hakuwahi kulitaja, hata kwa utani. Na leo amelipwa hivi! Fundi alijiona mdogo kuliko skrubu zake.

Ijumaa alimpigia simu mara mbili, na mara zote mbili akakata kabla haijaita. Angeanzaje? "Shemeji, habari za nyumbani, mimi ni mwongo"?

Jumamosi aliamka na uamuzi. Angemwambia uso kwa uso, kisha angejitoa kwenye mashindano. Ukocha apewe anayestahili. Alibeba fimbo yake ya kuvulia na rili yake kuukuu kwa mazoea tu, akatembea hadi bwawani haraka haraka, ujasiri usije ukamtoroka njiani.

Shemeji alikuwa amesimama karibu na meza ya mwamuzi, na dada alikuwa kando yake. Shemeji alivaa shati la kazini na viatu vilivyong'arishwa. Fimbo hakuwa nayo.

"Shemeji," fundi alianza. "Nimekukosea. Ile rili..."

"Ngoja kwanza, mimi ndiye mwenye la kusema." Shemeji akamshika bega. "Dada yako kaniambia unavyoitaka kazi hii. Mimi ukocha wa nini? Nimejitoa tangu Jumatano. Leo nimekuja kukushangilia."

Dada alikuwa anatabasamu mpaka machozi yanamlenga. Alifungua mkoba wake, akatoa rili ya kijivu, mkono wake wa kuzungushia ukiwa kushoto, mshipi mpya ukiwa umeshakunjwa, akamwekea kaka yake kiganjani.

"Hicho kikuukuu chako kiweke kando," alisema. "Kwenye fomu yako tumeandika hii."