Shikamoo ya Kompyuta

Shazili, fundi wa kompyuta, aliandika amri ya kuingiza programu mpya katika kila kompyuta ya ofisi itakapowashwa. Ili ajue kama amri inafanya kazi, akaongeza maneno ya majaribio yatokee kwenye skrini: "Shikamoo, Mzee Kobe." Ndivyo walivyomwita mkuu wao kisirisiri, kwa mwendo wake. Akasahau kuyafuta.

Asubuhi kila skrini iliyowashwa ikatoa salamu hiyo, hata ile mbovu ya stoo, na mkuu huyo akaingia.

"Umetumaliza, Shazili," Bi Rukia alinong'ona, akifunika skrini yake kwa mtandio.

Mzee akavaa miwani, akasoma ya kwanza. "Marahaba," akaitikia kwa upole. Akaenda meza ya pili, "Marahaba," kisha ya tatu, polepole kama kawaida yake. Hakuna aliyecheka. Akaufunua mtandio wa Bi Rukia, akaitikia na hapo.

Mzee akasimama mbele ya Shazili.

"Mashine zako zina adabu, mwanangu. Wewe tu ndiye hujaniamkia."

Shazili akainama kumwamkia. Nyuma ya mzee, karani aliyechelewa alikuwa anawasha kompyuta yake.